Mafunzo ya Ufundi ya Wafadhili: Mkazi Abaki na Nini?

Kijana anaposikia barazani kwamba kuna mafunzo ya ufundi "ya wafadhili", huelewa mambo mawili: ni ya bure, na pesa ni za watu wa nje. La kwanza ni kweli kwa mwanafunzi. La pili lahitaji kuelezwa.

Mfano ni Mradi wa Ajira na Fursa kwa Vijana, uliojulikana zaidi kama KYEOP. Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2016 kwa dola milioni 150 za Marekani, kupitia tawi lake la IDA linalokopesha kwa masharti nafuu. Huo ulikuwa mkopo. Hulipwa polepole kwa miaka mingi, na mlipaji ni Mkenya, akiwemo mama mboga anayekatwa kodi kila anaponunua sabuni au muda wa maongezi. Nafasi inayoachwa wazi katikati ya kozi inabaki kuwa deni tu.

KYEOP ililenga vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi ya kutegemewa, ambao masomo yao hayakupita kidato cha nne. Ilifanyika katika kaunti 17, zikiwemo Kwale, Kilifi, Kisumu na Turkana. Wengi hawakupelekwa darasani tu. Waliwekwa chini ya fundi stadi wa jua kali, kwenye gereji, saluni, karakana ya kulehemu au duka la ushonaji. Fundi alilipwa kwa kufundisha, na mwanafunzi akapewa posho.

Posho hiyo huonekana jambo dogo, lakini mara nyingi ndiyo inayoamua nani atamaliza. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuacha kozi ilhali cherehani ameimudu vizuri. Kilichomshinda ni nauli, na mtu wa kumwachia mtoto. Hapa mfadhili hawezi kusingiziwa yote. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto, tena katika kipengele kimoja. Wakazi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, wana haki ya kuuliza kama viwili hivyo vimepangwa pamoja, au chuo kimejengwa na watoto wakasahauliwa.

Halafu kuna suala la cheti. Mradi hufungwa, magari yake yakaondoka. Kabla ya kujiandikisha, mkazi aulize kama mafunzo yataishia kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia Gredi ya 3 na kupanda hadi ya 1. Karatasi ya kuonyesha tu kwamba mtu alihudhuria haimsaidii sana mbele ya mwajiri.

Na yule aliyejifunza useremala mtaani miaka kumi bila kukanyaga chuo? Upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali: hupimwa kwa kazi anayoijua, akifaulu hupewa cheti. NYOTA, mradi uliofuata KYEOP na unaofika kaunti zote 47, unagharimia pia sehemu ya kazi hiyo.

Kuomba nafasi katika miradi hii hakulipiwi. Anayedai "kitu kidogo" ili jina la mtu liingie kwenye orodha, awe ni jirani au ofisa, aripotiwe kwa EACC.