Dondoo Muhimu: Kabla ya Kambi ya Mlimani

Shule ya Outward Bound ilianza 1941 huko Aberdovey, Wales, ikiwafunza vijana kustahimili bahari na milima. Miaka ya 1950 wazo hilo lilishafika Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro. Anayekwenda kituo cha aina hiyo afungashe kwa akili.

Viatu kwanza. Malengelenge huharibu safari nyingi kuliko mvua, basi viatu vipya vivaliwe nyumbani wiki kadhaa, na soksi zilezile za safari. Jinzi zibaki kabatini: zikilowa hazikauki upesi na baridi huingia mwilini.

Filimbi ifungwe shingoni, si chini ya mkoba. Kupuliza mara sita kwa dakika, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia, ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana milimani.

Kwenye mwamba, fundo la umbo la nane la mpandaji likaguliwe na mwenzake kabla mpandaji hajainua mguu. Mtoni, jaketi la kuokolea likivutwa mabegani lisipande hadi masikioni. Likipanda, ni kubwa au halijakazwa.

Mwenye pumu amwambie mkufunzi siku ya kwanza, na dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni. Kuanzia takriban mita 2,500, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, mtu yeyote aseme papo hapo. Dalili zikizidi, tiba ni kushuka.

Kwa Wakenya walio katika mpango wa tuzo za vijana wa President's Award: ngazi ya dhahabu hudai safari ya siku 4 na usiku 3. Waulize mapema kama kozi ya kituo itahesabiwa.