Mgeni wa Jana na Mgeni wa Leo

Someni: Kutoka 23:9

Katika somo hili tutazame jinsi Wazungu walivyohamia Marekani kundi baada ya kundi, na jinsi waliotangulia walivyowapokea waliofuata.

1. Waliotangulia
Toka karne ya 17 walifika hasa Waingereza, wengi wao Waprotestanti. Nao walikuwa wageni, maana nchi ilikuwa na wenyeji wake, ambao walinyang'anywa ardhi. Lakini baada ya vizazi vichache wageni hao walijiita wenye nchi.

2. Watu wa Ireland
Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi huko Ireland, navyo vilikuwa chakula cha maskini. Katika miaka ya njaa hiyo walikufa watu wapatao 1,000,000, na wengine wengi kama hao waliikimbia nchi. Wengi walikwenda Marekani, na wengi wao walikuwa Wakatoliki. Wenyeji walisema kwamba watu hawa watashusha mishahara, tena watamtii Papa kuliko serikali.

Chuki hiyo ilikuwapo hata kabla ya njaa. Mwaka 1844 palikuwa na ghasia mjini Philadelphia, na sababu mojawapo ilikuwa ubishi juu ya Biblia ipi isomwe shuleni. Makanisa mawili ya Kikatoliki yalichomwa moto. Tulitafakari jambo hili: Wakristo walichoma makanisa ya Wakristo wenzao, nao walidai kwamba wanaitetea Biblia.

Baadaye kikatokea chama cha kuwapinga wageni. Kilianza kwa siri, na mwanachama akiulizwa habari zake alipaswa kujibu kwamba hajui lolote. Basi watu wakakiita chama cha "Sijui Lolote". Mwaka 1856 mgombea wake, Millard Fillmore, aliyepata kuwa Rais, alishinda katika jimbo la Maryland tu.

3. Watu wa kusini na mashariki ya Ulaya
Kuanzia miaka ya 1880 walifika kwa wingi Waitalia, Wapolandi, na Wayahudi kutoka Urusi. Mwaka 1892 kilifunguliwa kituo cha Ellis Island, New York, na hadi 1954 watu wapatao 12,000,000 walipita hapo. Hao nao walidharauliwa. Mwaka 1891, mjini New Orleans, mahakama haikumtia mtu hatiani kwa kuuawa kwa mkuu wa polisi. Ndipo umati ukavamia gereza na kuwaua watu 11 wa asili ya Italia.

Mwaka 1924 sheria iliiwekea kila nchi ya Ulaya kiasi chake: asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890. Mwaka huo ulichaguliwa kwa kuwa Waitalia na Wayahudi walikuwa bado wachache. Watu wa Asia karibu wote walifungiwa mlango kabisa. Utaratibu huo wa kugawa nafasi kwa taifa uliondolewa kwa sheria ya 1965.

4. Aliyekataliwa naye akakataa
Denis Kearney alizaliwa Ireland mwaka 1847, wakati wa njaa. Miaka ya 1870, huko San Francisco, aliongoza wafanyakazi waliodai Wachina waondoke. Mwaka 1882 sheria ikawakataza vibarua wa Kichina wasiingie. Hivyo mtu aliyezaliwa Ireland wakati wa njaa akawafanyia wengine yale waliyofanyiwa ndugu zake.

Hofu ya mfanyakazi haikuwa ya bure, kwa sababu matajiri walitumia wageni kuvunja migomo. Lakini hasira ilimwangukia mgeni, wala si yule aliyepunguza mshahara.

Mwaka 1960 John F. Kennedy, Mkatoliki na kitukuu wa wahamiaji wa Ireland, alichaguliwa kuwa Rais. Wale walioogopwa kwamba wataiharibu nchi, sasa kitukuu wao alikabidhiwa kuiongoza.

Maswali ya kuzungumzia
1. Waisraeli waliamriwa kukumbuka nini walipokutana na mgeni? Kwa nini kumbukumbu hiyo hupotea upesi?
2. Kazi zikiwa chache, twamlaumu nani kwanza?
3. Katika mtaa wetu, ni nani aliyefika mwisho, na twamwitaje asipokuwapo?