Utunzaji wa Msumeno wa Meza

Mwezi Julai mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma, waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe. Mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha. Meli ilipoopolewa na Waingereza mwaka 1924, mitambo ile ilionekana bado yafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Chuma kilichokaa majini miaka kadhaa kilisalimika. Ilhali msumeno ulio katika nchi kavu, hatua chache kutoka ufukweni, waweza kuharibika kwa msimu mmoja wa mvua.

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Grisi ya mafundi wale ilivizuia vyote viwili. Katika karakana za Ujiji au Kibirizi, hewa ya ziwani hubeba unyevu mwingi, na usiku meza ya chuma inapopoa, unyevu huo huganda juu yake kama umande. Unga wa mbao ulioachwa mezani hunyonya maji na kuyashikilia pale pale. Kwa hiyo kazi ya kwanza kila jioni ni kuuondoa unga kwa brashi, kisha kuifuta meza na kuipaka nta ya nyuki kidogo. Mafuta hayafai hapo, kwani huingia katika mbao na kuzuia gundi na vanishi kushika. Beringi ndizo zinazohitaji grisi, tena kwa kiasi: ikizidi, nayo huleta joto.

Kabla ya kugusa sehemu yoyote ya mashine, umeme hauna budi kukatwa kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha mashine pekee. Mtu mwingine aweza kukibonyeza bila kujua.

Tuseme mota inazunguka mara 1450 kwa dakika. Puli yake ina kipenyo cha milimita 200, na puli ya shafti ya msumeno ina milimita 100. Msumeno basi utazunguka mara 2900 kwa dakika. Ikiwa kipenyo cha msumeno ni milimita 400, mzingo wake ni mita 1.257, na kila jino litakwenda karibu mita 61 kwa sekunde, yaani kilomita 219 hivi kwa saa. Wako mafundi ambao, wakitaka kazi iishe upesi, hufunga puli ndogo zaidi kwenye shafti. Puli ya milimita 75 itaufanya msumeno uzunguke mara 3867. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nguvu inayovuta meno kutoka katikati huongezeka kwa mraba wa mwendo, nayo imekaribia kuwa maradufu. Mwendo wa juu unaoruhusiwa huandikwa kwenye bamba la msumeno. Wanafunzi wausome na kuufanyia hesabu kabla mkanda haujafungwa.

Ajali inayohofiwa zaidi ni mbao kurushwa nyuma. Meno ya mbele ya msumeno hushuka na kuikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma hupanda. Mbao ikibanwa kwenye meno ya nyuma, huinuliwa na kutupwa kwa nguvu upande aliko fundi. Husababishwa hasa na kiongozi cha mbao kisicho sambamba na msumeno. Kukipima ni rahisi: jino moja hutiwa alama ya chaki, umbali wake hadi kwenye kiongozi hupimwa jino likiwa mbele, kisha msumeno huzungushwa kwa mkono hadi jino lile lile lifike nyuma na kupimwa tena. Umbali wa nyuma usiwe mdogo kuliko wa mbele. Mbao mbichi nazo hujifunga zenyewe baada ya kupasuliwa, na hapo kinachookoa ni kisu cha kutenganishia kilicho nyuma ya msumeno. Unene wake uzidi ule wa bamba, lakini upungue kidogo kuliko njia inayokatwa na meno. Kukiondoa kwa sababu eti kinasumbua ni ujinga mtupu. Fundi naye asisimame kwenye mstari wa msumeno, na kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti, si kwa vidole.

Meno butu huongeza hatari hiyo, maana hulazimisha fundi kusukuma kwa nguvu. Mninga haushindi sana meno, lakini mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani ya gogo ambavyo huyatia ubutu ghafla. Dalili zake ni moshi, alama nyeusi kwenye mkato na mlio uliobadilika. Utomvu uliogandamana usafishwe kwanza. Mara nyingine meno bado ni makali. Yakinolewa kwa tupa, kila jino lipigwe idadi sawa ya mikwaruzo, la sivyo msumeno utatetemeka na kuzila beringi.

Unga unaoruka nao ni sumu ya polepole. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka unga wa mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Barakoa ivaliwe wakati wa kupasua na wakati wa kufagia pia, na sakafu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya ufagio, mbali na mota na nyaya.