Plau Kuukuu Irekebishwe Kabla ya Mvua

Familia nyingi huku chini Mbeere na Tharaka hununua plau ya ng'ombe iliyokwisha tumika, maana mpya ni ghali. Mbuzi wameuzwa, plau imefika nyumbani. Sasa tuirekebishe mapema, kwani mvua ya Oktoba haingojei mtu.

Tuanze na mnyororo. Wengi wetu hukimbilia gurudumu, ati ndilo linaloamua kina. Sivyo! Gurudumu liguse udongo kidogo tu. Plau ikizama mno, fupisha mnyororo au uufunge tundu la chini pale mbele. Ikielea juu juu, urefushe au upandishe tundu moja. Badilisha kitu kimoja, lima hatua kumi, kisha utazame tena. Plau iliyofungwa vizuri huenda yenyewe bila kukandamizwa mishikio. Ukiona baba anaikandamiza mpaka jasho linamtiririka, ng'ombe nao wanachoka bure, na mbegu zitachelewa kuingia udongoni.

Lakini ncha ikiwa butu, mnyororo hautasaidia. Ipelekwe kwa fundi wa chuma. Nati zote zikazwe. Na mtoto anayeongoza ng'ombe asijifunge kamba mkononi hata kidogo: ng'ombe akishtuka atamburuta.