Watu Huongezeka, Ardhi Haiongezeki: Somo la Vilima vya Machakos

Baba mwenye ekari 12 na wana wanne humwachia kila mmoja ekari 3. Kila mwana naye akijaliwa wana wanne, mjukuu hurithi robo tatu ya ekari tu. Hakuna aliyeiba shamba hilo, wala hakuna aliyekuwa mvivu. Ni hesabu ya kugawanya, na hesabu haina huruma. Hesabu hii ifanywayo nyumbani ndiyo hesabu ya nchi nzima.

HESABU YA WATU

Watu wa Kenya walipohesabiwa mwaka 1948 walikuwa kiasi cha milioni 5.4. Mwaka 1979 walikuwa milioni 15.3, na mwaka 1999 milioni 28.7. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha milioni 47.6. Nchi yenyewe haikuongezeka hata shubiri moja katika miaka hiyo yote.

Iko njia rahisi ya kujua watu watakuwa maradufu baada ya muda gani. Chukua 70, igawanye kwa ongezeko la kila mwaka katika watu mia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ongezeko la Kenya lilikadiriwa kuwa karibu 3.8 kwa mia. 70 ikigawanywa kwa 3.8 hupatikana miaka 18 na kitu. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa siku ile angeweza kuona watu wakiwa maradufu kabla hajaoa. Kati ya mwaka 2009 na 2019 ongezeko lilishuka likawa kama 2.2 kwa mia, na muda huo ukarefuka kufika miaka 32 hivi.

Basi swali ni hili: watu wakizidi juu ya ardhi ile ile, ni lazima ardhi iharibike? Jibu lake laweza kutafutwa katika Ukambani.

VILIMA VYEKUNDU

Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mvua ilikosekana mara kwa mara. Sehemu za malisho zilikuwa zimekatwa na mipaka ya rizavu na mashamba ya walowezi, hata mifugo ikasongamana mahali pamoja. Majani yalikwisha, na mvua iliponyesha kwa nguvu ilichukua udongo wa juu na kuacha makorongo. Mwaka 1937 zilipigwa picha za vilima hivyo, na aliyeziona hakuweza kutumaini kwamba mtu atalima tena huko.

Wataalamu wa siku zile walisema kwamba watu na ng'ombe wamezidi. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu, na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa wakauzwa kwa bei hafifu. Lakini kwa Mkamba ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana na akiba ya siku ya njaa. Watu kwa mamia, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha kunyang'anya mifugo kuliachwa. Vilima vilibaki vyekundu kama vilivyokuwa, na zaidi ya hayo watu wakaanza kushuku kila neno lililosemwa juu ya udongo.

JEMBE NA MTARO

Baada ya vita, tangu mwaka 1946, kazi ya kuchimba matuta ilifanywa kwa amri, na watu wengi waliichukia. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950 ilipotumiwa mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kazi. Kila kikundi kilijichagulia viongozi wake, na wengi waliofanya kazi walikuwa wanawake. Leo walichimba shamba la huyu, kesho la yule.

Namna iliyopendwa zaidi huitwa fanya juu. Mkulima hupima mstari ulio sawa kukata mteremko, huchimba mtaro, na udongo huutupa upande wa juu ili uwe tuta. Majani hupandwa juu ya tuta ili mizizi ilishike, na majani hayo hukatwa kulisha ng'ombe. Mvua ikinyesha, maji na udongo huzuiwa na tuta. Mwaka kwa mwaka udongo hujaa nyuma yake, hata mteremko ukawa kama ngazi zilizo sawa. Kazi hii ni nzito kuliko kutupa udongo chini; lakini waliochimba waliona mahindi yao yakistahimili jua, nao hawakuhitaji kuamriwa tena.

Mwaka 1989 wilaya ile ile ilikuwa na watu karibu milioni 1.4, zaidi ya mara tano ya wale wa kwanza. Watafiti waliporudi na picha za 1937 waliona matuta, miti na mashamba mahali palipokuwa na makorongo. Mwaka 1994 walichapisha kitabu kuonyesha kwamba watu walizidi, na mmomonyoko ukapungua. Mazao ya kila mtu pia yaliongezeka.

MAFUNDISHO YAKE

Yafaa msomaji asidhani kwamba wingi wa watu peke yake ulifanya kazi hii. Barabara zilipeleka matunda na mboga Nairobi. Kahawa ilileta fedha. Mishahara ya waliofanya kazi mjini ilinunua plau. Na mtu aliyejua kwamba shamba ni lake hakuogopa kulitunza kwa ajili ya wanawe. Palipokosekana mambo haya, wingi wa watu ulileta umaskini tu.

Wala matuta hayafuti hesabu ya kugawanya. Robo tatu ya ekari, hata ikitunzwa vyema, haiwezi kugawanywa tena kwa watu wanne wakashiba. Kwa hiyo nyumba nyingi zimechagua njia ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 3.4. Mpango wa uzazi ulianzishwa na Serikali mwaka 1967, lakini ulipata nguvu wasichana walipokaa shuleni zaidi, na wazazi walipoona kwamba watoto wao hawafi ovyo kama zamani. Hapa pia amri haikufaa kitu. Yaliyofaa ni elimu na matumaini.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila mtoto azaliwaye ni mgeni wa ardhi ile ile ya babu zake. Kumpokea vyema ni kumwandalia jembe, na shule, na udongo ambao haujachukuliwa na maji.