Faili Usiyoijua: Tazama Inakaa Wapi Kabla ya Kuifuta

Kijitabu kwa wenye saiba, wahudumu na wateja wa Landless, Thika

Juni ikifika, saiba hujaa. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA kwenye iTax, na kompyuta moja hupokea PIN, nambari za vitambulisho na nywila za watu wengi kwa siku moja. Faili ngeni ikijipenyeza humo, wanaoumia ni wateja kabla ya mwenye duka.

Jina halitoshi

Fungua Task Manager na utaona svchost.exe imejirudia mara nyingi. Usishtuke. Hiyo ni programu halali inayoendesha huduma za Windows, na ni kawaida nakala zake nyingi kufanya kazi kwa pamoja. Wahalifu wanalijua hilo, ndiyo maana huliazima jina lake. Wengine huandika scvhost.exe, herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi. Wengine huliacha jina lilivyo na kuiweka faili yao kwenye folda nyingine.

Kwa hiyo anza na makazi yake. Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Open file location. Svchost ya kweli huendeshwa kutoka C:\Windows\System32, au SysWOW64 kwenye Windows ya biti 64. Ukiikuta Downloads, Temp, AppData au kwenye flashi ya mteja, ichukulie kuwa ya hatari.

Kisha fungua Properties utafute Digital Signatures, uone kama imetiwa saini na Microsoft. Hapa tahadhari inahitajika: saini za faili nyingi halali za Windows huhifadhiwa katika orodha tofauti ya mfumo, hivyo sehemu hiyo inaweza kukosekana. Kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa ubaya.

Shaka ikibaki, fungua Command Prompt uandike certutil -hashfile, njia kamili ya faili, kisha SHA256. Utapata alama 64 zinazoitambulisha faili hiyo. Zitafute kwenye VirusTotal, ambayo hulinganisha majibu ya antivairasi nyingi. Moja ikilalamika na nyingine zote zikanyamaza, huenda imekosea. Nyingi zikikubaliana, amini. Tafuta kwa alama hizo tu. Usipakie huko faili ya mteja, kwa sababu kinachopakiwa kinaweza kuonwa na watu wengine.

Usikimbilie kufuta

Mwaka 2002 barua pepe zilienea duniani zikidai kwamba jdbgmgr.exe, faili yenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi kisichoonwa na antivairasi. Ziliagiza uifute, kisha uwaonye marafiki. Ilikuwa faili halali ya Microsoft ya kutafutia makosa katika programu za Java. Watu waliifuta kwa mikono yao, tena kwa nia njema. Onyo la namna hiyo likikufikia leo kwenye WhatsApp, kagua kwanza, na usilisambaze. Kama tayari umefuta faili ya mfumo, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike sfc /scannow. Windows itajaribu kuirudisha.

Flashi

Folda za mteja zikigeuka kuwa vijia vya mkato vyenye mshale mdogo, usivibofye. Mara nyingi kazi yake ingali humo, imefichwa tu. Usiifomati flashi ya mwanafunzi yenye mradi wake wa mwaka mzima. Ikague kwa antivairasi, kisha kwenye Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi hiyo.

Ikithibitika ni hasidi

Chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi, kisha endesha Microsoft Defender Offline. Badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine safi. Ripoti kwa National KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kama data za wateja zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipofahamu. Wateja walioingia iTax au eCitizen kwenye mashine hiyo wapigie simu siku hiyo hiyo, uwaombe wabadilishe nywila. Biashara haiharibiki kwa kusema ukweli mapema.