Theluji ya Kibo kwa watoto wa Masasi

Swali: Likizo ya Juni tunatoka Chiungutwa kwenda Moshi na watoto wetu wa miaka 7 na 11. Wanataka kuishika theluji ya Kilimanjaro. Yawezekana?
Mama wa watoto wawili, Masasi

Jibu: Kuiona, ndiyo, kuishika, si safari hii. Theluji iko juu kabisa, kuelekea kilele cha Kibo chenye mita 5,895, na mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kufika huko. Mkubwa anaruhusiwa, ila hewa ya huko ni nyepesi: kichwa kuuma na kutapika huwapata hata watu wazima.

Badala yake, pandeni wote kwa siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720. Kila mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6, kwa hiyo wabebeeni sweta, kofia na koti la mvua. Fulana ya pamba ikilowa jasho ibadilisheni upesi, maana hupoza mwili.

Kibo kitazameni asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajakifunika. Waambieni pia kwamba barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912.